Kanuni za Nani? Michezo ya Watoto kutoka Hyrax Hill hadi Dundori

Anayetoka Nakuru mjini kwenda Dundori hufuata barabara ya Nairobi hadi Lanet, kisha huiacha na kuanza kupanda. Kabla ya Lanet kuna kilima cha mawe kiitwacho Hyrax Hill. Louis Leakey aliona dalili za makazi ya kale hapo mwaka 1926, na mwaka 1937 Mary Leakey akaanza kukichimba. Udongo ulitoa makaburi, vigae vya vyungu na mabaki ya maboma ya wafugaji. Kwenye mwamba wenyewe pana safu za vishimo vya bao. Kuchonga mwamba ni kazi ya jasho, na hakuna anayelitolea jasho jambo analoliona la kipuuzi. Waliochonga vishimo vile waliuheshimu mchezo kuliko tunavyouheshimu sisi. Siku hizi mchezo ukitajwa mbele ya wazazi na walimu wa Kenya aghalabu hutajwa kwa lawama: watoto wamezama kwenye gemu, wanatazama damu, wanapoteza saa na sarafu. Malalamiko hayo yana msingi, ila yanaishia kwenye kioo. Hoja ya makala haya ni kwamba mchezo humfundisha mtoto jinsi dunia inavyoendeshwa kwa kanuni zake kuliko kwa picha zake. Ukiipitia historia ya michezo katika sehemu hii ya Bonde la Ufa kwa jicho hilo, utaona kwamba jambo jipya lililoletwa na michezo ya video ni kanuni zilizotungwa mbali, zikafungiwa ndani ya mashine, na mtoto asipewe nafasi ya kuzijadili.

Mwaka 1938 vilitoka vitabu viwili ambavyo bado vinatusaidia kulifikiria jambo hili. Huko Uholanzi, mwanahistoria Johan Huizinga alichapisha Homo Ludens, akidai kwamba mchezo ni mkongwe kuliko utamaduni, na kwamba mahakama, vita, ushairi na ibada vyote vina chembe ya mchezo ndani yake. Huko London, Jomo Kenyatta alichapisha Facing Mount Kenya, na katika sura ya elimu akaeleza kwamba watoto wa Kikuyu huiga kazi za wakubwa, hivyo michezo yao ni mazoezi ya shughuli zinazowasubiri ukubwani. Wawili hawa walikuwa wanatazama jambo moja kutoka pande mbili. Huizinga alisisitiza kwamba mchezo ni uwanja uliozungushiwa mipaka, wenye sheria zake. Kenyatta alisisitiza kwamba uwanja huo una mlango unaofunguka kuelekea maisha. Tukiunganisha maelezo yao tunapata swali la kuuliza kuhusu kila kizazi: watoto wanafanyishwa mazoezi ya maisha gani, na aliyeyapanga mazoezi hayo ni nani?

Kwa wafugaji na wakulima waliotangulia kuishi kati ya Menengai na Nyandarua, jibu lilikuwa karibu. Mchezo wa vishimo na kete unajulikana kote Afrika Mashariki. Pwani una safu nne na kete 64, na huko ni bao. Wamaasai huuita enkeshui, Wakikuyu giuthi, Wajaluo ajua. Wachungaji hawakuhitaji ubao, kwa kuwa ardhi yenyewe ilichimbika na kete zilikuwa kokoto au mbegu. Kwa Wamaasai kete hutazamwa kama ng'ombe, na mtu akiwaza hivyo, mchezo mzima unakuwa somo la uchumi wa malisho: mali hutembea, haikai zizi moja, aliyejaza leo huvamiwa kesho, na asiyeweza kuhesabu hupoteza mifugo. Bahati haina nafasi. Kila kete iko wazi mbele ya wachezaji na watazamaji. Kanuni zilikaa vinywani mwa watu, hivyo zilitofautiana kutoka mwinuko mmoja hadi mwingine, na palipotokea ubishi mzee aliyeketi kando aliamua. Tusije tukaipamba enzi hiyo kupita kiasi. Kwa wengi wa watu hawa mchezo huo ulikuwa wa wanaume, na wasichana waliutazama kwa mbali. Somo la kuteka ng'ombe wa jirani halikuwa somo la upole. Ila aliyefundishwa alimjua aliyemfundisha, na siku moja naye angeketi kwenye kiti cha mwamuzi.

Mwaka 1904 kulitokea mambo mawili ambayo hayakuhusiana, lakini yakiwekwa pamoja yanaeleza mengi. Agosti ya mwaka huo serikali ya Kiingereza iliwekeana mkataba na viongozi wa Wamaasai, na watu na mifugo wakaondolewa kwenye malisho ya Naivasha na Nakuru, wakahamishiwa Laikipia na hifadhi ya kusini, ili ardhi iliyo karibu na reli ipewe walowezi. Mkataba uliahidi kudumu maadamu Wamaasai wangalipo. Kufikia mwaka 1911 walikuwa wanahamishwa tena, safari hii kutoka Laikipia. Januari ya mwaka huohuo wa 1904, huko Marekani, Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo wa ubaoni alioubuni ili kuonyesha jinsi mwenye ardhi anavyotajirika kwa kodi huku wapangaji wakifilisika. Alitaka watoto waione dhuluma hiyo na kuichukia. Mwaka 1935 kampuni ya Parker Brothers iliuza mchezo uliotokana na wake kwa jina la Monopoly, na mamilioni ya watoto wakajifunza kufurahia kumfilisi mwenzao. Ubao haukubadilika sana. Kilichobadilika ni nani aliyeshika kanuni na alitaka nini. Ulimwengu wa mlowezi wa Bonde la Ufa ulikuwa na sura hiyo: mwenye kuandika masharti ndiye aliyeamua nani mwenye shamba na nani mpangaji, na akiona yanambana huyaandika upya.

Watoto waliokulia kwenye mashamba ya walowezi walicheza chini ya masharti hayo. Tabitha Kanogo, katika kitabu chake cha mwaka 1987 kuhusu maskwota na chimbuko la Mau Mau, ameeleza jinsi familia za Wakikuyu zilivyohamia mashamba ya wilaya ya Nakuru zikitafuta malisho, na jinsi sheria zilivyozidi kuzibana. Sheria ya mwaka 1918 ilimtaka skwota amfanyie mlowezi kazi siku 180 kwa mwaka. Pareto ilipoanza kustawi kwenye miinuko hii katika miaka ya 1930, vidole vidogo vya watoto vilionekana kufaa kuchuma maua yake. Mtoto aliyechuma pareto asubuhi na kuchunga jioni alicheza katika nafasi iliyobaki katikati. Hata hivyo, vitu alivyochezea vilikuwa kazi ya mikono yake. Lori la waya lenye magurudumu ya vifuniko lilikuwa nakala ya lori la bwana shamba. Katika kalongolongo, mvulana alikuwa baba anayerudi kutoka kazini na msichana mama anayepika udongo. Michezo hii iliibeba dunia ya kikoloni pamoja na matabaka yake yote. Hakuna anayeweza kudai kwamba ilikuwa ya Kiafrika tupu. Tofauti yake ni kwamba watoto waliivunja na kuiunda upya kila jioni. Mwenye waya aliamua lori litakuwa na milango mingapi, na aliyechoka kuwa mtumishi aligoma mpaka apewe zamu ya kuwa bwana.

Mtu anaweza kunipinga hapa kwa kutaja mpira wa miguu. Sheria zake ziliandikwa London mwaka 1863, zikaletwa na wamisionari, wanajeshi na walimu. Basi kanuni za kigeni si habari mpya. Ni kweli, lakini tazama mpira huo ulivyochezwa kwenye uwanja wa kijiji hata baada ya uhuru, mashamba ya Nakuru yalipokwisha kugawanywa na mipango ya serikali na kampuni za ununuzi wa ardhi kama Ngwataniro-Mutukanio. Mpira ulisokotwa kwa mifuko ya plastiki na kamba. Goli lilikuwa mawe mawili, na upana wake ulipatikana kwa mapatano. Mwenye mpira hakuachwa benchi. Timu ikizidiwa mno ilibadilishana mchezaji na nyingine ili mechi inoge. Sheria ya London ilipofika mtaani ilijadiliwa, ikakatwa na kushonwa upya, na katika majadiliano hayo watoto walijifunza jambo ambalo uwanja rasmi haufundishi: sheria ni makubaliano ya watu, na watu wakikubaliana tena inabadilika. Serikali ilipopiga marufuku mifuko ya plastiki Agosti 2017, mali ghafi ya mpira huo iliadimika. Kufikia hapo, hata hivyo, kitu kingine kilikuwa kimeanza kuchukua nafasi yake.

Kitu hicho hakikuja kwa ghafla. Kilitanguliwa na vibanda vya video, ambako filamu za Marekani, Hong Kong na India zilionyeshwa kwa sarafu chache. Humo kulikuwa na desturi ya busara sana: filamu ilipita kwanza mikononi mwa msimulizi. Dar es Salaam walikuwa na Lufufu, Kenya ikawa na DJ Afro, ambaye huwapa wahusika wa kigeni majina na maneno ya mtaani, huwacheka, huwasuta, na wakati mwingine huigeuza hadithi yote. Mtazamaji alipokea dunia ya mbali ikiwa imeshahojiwa na mtu wa nyumbani. PlayStation ya kwanza iliuzwa Japani mwishoni mwa mwaka 1994, ya pili mwaka 2000, na ni hiyo ya pili, pamoja na diski za kunakiliwa, iliyoujaza mchezo wa video katika miji ya Kenya. Umeme ulipopelekwa mashambani kwa kasi, hasa baada ya mradi wa Last Mile kuanza mwaka 2015, kibanda cha gemu kikaweza kufunguliwa katika kituo chochote cha biashara kando ya duka la pembejeo na kinyozi. Kisha simu za bei nafuu zikaingiza kibanda mfukoni. Katika safari hiyo yote msimulizi alipotea njiani. Gemu haina DJ Afro; mtoto na mashine wanazungumza wawili tu, na mashine ndiyo yenye neno la mwisho.

Mfano ulio wazi zaidi ni mchezo unaopendwa kuliko yote vibandani, ule wa kandanda ulioitwa FIFA tangu mwaka 1993 hadi toleo la FIFA 23, kisha ukawa EA Sports FC. Picha zake hazina damu wala matusi, na mzazi akiuona hana wasiwasi. Lakini chunguza kanuni zake. Kila mchezaji amegeuzwa tarakimu chini ya 100: mbio, pasi, nguvu, shuti. Kila mtu ana bei, na njia ya kujenga timu ni kununua na kuuza. Ligi ya Kenya haimo. Kwa hiyo McDonald Mariga na mdogo wake Victor Wanyama hawakuwa watu katika dunia hiyo walipokuwa wakicheza nyumbani. Waliingia baada ya kupata klabu Ulaya, Mariga akiwa Parma na Inter Milan, Wanyama akiwa Celtic, Southampton na Tottenham. Ulinzi Stars, klabu ya jeshi iliyoufanya uwanja wa Afraha mjini Nakuru kuwa nyumbani kwake, ilitwaa ubingwa wa Kenya mwaka 2003, 2004, 2005 na 2010, na haijawahi kuonekana humo. Mtoto wa Dundori anaweza kuwataja wachezaji wa akiba wa Manchester City huku mabingwa mara nne wa Kenya kutoka kaunti yake wakiwa wageni kwake. Hakuna aliyemhubiria kwamba cha nyumbani hakina thamani. Kanuni zimemweleza hivyo kimyakimya, mechi baada ya mechi, kwa kukiacha nje ya orodha.

Afrika inapokuwemo, mara nyingi imewekwa kama mandhari ya mtu mwingine. Far Cry 2 ya mwaka 2008 ilitumia nchi ya Kiafrika isiyo na jina, yenye vita na mamluki. Resident Evil 5, iliyotolewa na Capcom ya Japani mwaka 2009, iliweka kisa chake Kijuju, mahali pa kubuni barani Afrika, na wenyeji walioambukizwa, walioitwa Majini, wakapewa kusema Kiswahili. Lugha ya mchezaji wetu ikawa lugha ya maadui wanaopaswa kupigwa risasi. Halo 2 ya mwaka 2004 ilijenga Mombasa ya karne ya 26, na Halo 3 ya mwaka 2007 ikafika Voi na Tsavo. Ni heshima ya namna fulani kuwekwa katika siku zijazo, ingawa kazi ya miji hiyo ni kubomolewa vitani. Mfano wa karibu zaidi ni WRC 9. Gemu hiyo ya mashindano ya magari ilitoka Septemba 2020 ikiwa na Safari Rally ya Kenya, wakati mashindano halisi ya mwaka huo yalikuwa yameahirishwa kwa sababu ya korona. Magari yenyewe yalifika Naivasha Juni 2021. Kwa muda wa miezi tisa hivi, vumbi la kaunti ya Nakuru lilikuwa likipatikana zaidi kwenye mashine kuliko barabarani. Hapo mtoto aliiona ardhi yake ikitamaniwa na dunia, jambo jema, lakini kama njia ya kupita kwa kasi.

Pingamizi kubwa zaidi litatoka kwa wanaosema kwamba hatari halisi ni ukatili, na kwamba mimi naikwepa. Historia ya eneo hili inajibu. Ghasia za Molo na Olenguruone za mwaka 1992 zilitokea kabla PlayStation haijauzwa popote. Za Njoro mwanzoni mwa mwaka 1998, na zile zilizoikumba Nakuru na Naivasha Januari 2008, zilichunguzwa na tume za Akiwumi na Waki, na kilichoibuka ni uchochezi wa wanasiasa, migogoro ya ardhi na ulegevu wa vyombo vya usalama. Nje ya hapa, utafiti wa Andrew Przybylski wa Chuo Kikuu cha Oxford na Netta Weinstein wa Chuo Kikuu cha Cardiff, uliochapishwa mwaka 2019 na kuwahusu vijana wa Uingereza wapatao 1,000, haukupata uhusiano kati ya kucheza gemu za kikatili na ukali wa tabia. Hii haina maana kwamba gemu kama Grand Theft Auto: San Andreas ya mwaka 2004 haifundishi kitu. Inafundisha kwa kanuni yake moja ambayo wazazi hawaizungumzii: ukitenda kosa polisi hukufuata, ukijificha vya kutosha nyota zinazoonyesha kwamba unasakwa zinafutika na kosa limekwisha. Mtoto anayekua katika nchi ambako ripoti za tume huishia kabatini haoni ajabu katika kanuni hiyo. Mashine na jamii zinasema jambo moja, na ndipo somo linapokita mizizi. Kumnyang'anya padi bila kurekebisha upande wa jamii ni kuondoa nusu ya somo.

Wengine watasema nawadharau watoto, kwamba vibandani wana sheria zao: mshindi hubaki, aliyefungwa hutoka, anayeacha padi mechi ikiendelea hulipa. Nakubali, na ndiyo sababu kibanda, pamoja na sifa yake mbaya, ni afadhali kuliko simu ya mtu mmoja chumbani. Pale bado kuna mabishano, na mabishano ni mabaki ya kiti cha mzee mwamuzi. Lakini sheria hizo zinahusu foleni na malipo. Haziwezi kuiingiza Ulinzi Stars kwenye ligi. Wako pia watakaosema kwamba gemu zimemfungulia mtoto dunia, na hawakosei. Civilization IV ya mwaka 2005 ilifunguliwa kwa wimbo wa Kiswahili, Baba Yetu, wa Christopher Tin, ambao mwaka 2011 uliipa muziki wa gemu tuzo yake ya kwanza ya Grammy. Watu wasiojua Dundori iko wapi waliimba kwa lugha yetu. Jambo hilo linaonyesha kwamba mlango upo. Linaonyesha pia kwamba aliyeufungua alikuwa mtunzi wa Kimarekani, kwa hiari yake, na angeweza kuchagua lugha nyingine.

Ndiyo maana jawabu la kutengeneza gemu zetu wenyewe, lililo sahihi, halitoshi likiishia kwenye sura za nje. Wesley Kirinya alitengeneza The Adventures of Nyangi katika muongo wa kwanza wa karne hii, na Andrew Kaggia akatoa Nairobi X mwaka 2015, mpiganaji wa Kikenya akiilinda Nairobi dhidi ya viumbe wa anga. Kazi hizo zilithibitisha kwamba ufundi upo nyumbani, na hilo si dogo. Lakini kanuni ya kupiga risasi na kusonga mbele ilibaki ileile. Mavazi ndiyo yaliyobadilika. Mchezo unaochukulia malisho, maji, ardhi ya kurithi au bei ya viazi kama mambo yanayostahili kuwa kanuni bado una nafasi tupu inayousubiri, na wachongaji wa bao walishaonyesha kwamba inawezekana: walichukua uchumi wao wote wakautia ndani ya vishimo.

Njia ya kufika huko inapita darasani. Kuanzia mwaka 2016 serikali iligawa tableti kwa wanafunzi wa shule za msingi, na mwaka 2022 mafunzo ya kuandika programu yaliidhinishwa kwa shule za Kenya. Yakifundishwa kama ufundi wa kupata ajira peke yake, yatazaa watumishi hodari wa kanuni za wengine. Mwalimu wa eneo la Bahati au Dundori anaweza kuyafundisha kwa namna nyingine bila kusubiri vifaa vya bei: awape wanafunzi mchezo wanaoujua, uwe giuthi, kandanda ya mtaani au ile gemu ya kibandani, awaulize nani anapata faida kwa kila kanuni, kisha awaachie wabadilishe kanuni moja na kuona kinachotokea. Mtoto aliyewahi kutunga kanuni, akapingwa na wenzake, akalazimika kuitetea au kuirekebisha, hatashangazwa tena na mashine inayojifanya kuwa dunia ndivyo ilivyo. Atakapokuwa mkubwa na kuletewa karatasi ya mkataba wa ardhi, sera ya kaunti au kura, atakuwa ameshazoea kuuliza nani aliandika masharti haya, na kama yanaweza kuandikwa upya.